Mwisho wa mwezi bila kukesha: Kompyuta itume hesabu, mtu aisimamie

MWISHO wa mwezi katika vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa una sura moja. Wafugaji wameleta maziwa kwa siku 30, karani ameandika lita za kila mmoja asubuhi na jioni, mhasibu amekata fedha za dawa, pumba na mikopo, na sasa kila mwanachama anasubiri karatasi itakayomwambia kilichobaki. Karatasi hiyo ndiyo anayoipeleka benki anapoomba mkopo wa kununua mtamba, na ndiyo inayowekwa mezani nyumbani kabla ya kupanga ada za shule.

Kwa wanachama wenye anwani za barua pepe, karatasi hiyo siku hizi inaweza kwenda kama kiambatisho. Lakini kazi ya kuituma bado humwangukia mtu mmoja. Karani anafungua barua mpya, anaandika anwani, anatafuta faili ya mwanachama, anaiambatisha, anaandika salamu, anatuma, kisha anaanza upya.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 240. Kama kila barua inachukua dakika tatu tu, hizo ni dakika 720, yaani saa 12 mbele ya kompyuta. Ikifika barua ya mia moja macho yamechoka. Ndipo faili ya mwanachama namba 117 inapokwenda kwa namba 118, na asubuhi simu inaita: "Dada, hesabu uliyonitumia si yangu. Ni ya jirani, na sasa nimeshajua anadaiwa kiasi gani."

Simu ya namna hiyo si jambo dogo. Chama cha ushirika kinasimama juu ya imani, na mwanachama akishaona hesabu zake zimesomwa na wengine, maziwa yake anaweza kuyapeleka kwa mchuuzi wa barabarani kuanzia kesho yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyabiashara wa mboga anayezipelekea hoteli kumi ankara kila Ijumaa. Ankara ikichelewa, malipo yanasogezwa wiki nyingine, na mkulima anayemdai naye anasubiri.

Ipo njia ya kuiachia kompyuta kazi hii. Njia yenyewe si mpya na haihitaji programu ya mamilioni ya shilingi. Inaitwa skripti.

Skripti ni nini

Skripti ni orodha ya amri zilizoandikwa katika faili ya maandishi ya kawaida. Kompyuta huisoma kutoka juu kwenda chini na kutekeleza amri moja baada ya nyingine, bila kuchoka na bila kuruka mstari. Ni sawa na maelekezo ambayo bosi angemwachia kibarua mgeni: fungua daftari, soma mstari wa kwanza, chukua bahasha yenye namba hiyo, ipeleke kwa mwenyewe, weka alama, nenda mstari wa pili.

Lugha inayotumika sana kwa kazi kama hizi ni Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Inapatikana bure na inafanya kazi katika kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ndani yake tayari zimo sehemu mbili zinazohitajika: moja ya kutengeneza barua na kuiwekea kiambatisho, na nyingine, iitwayo smtplib, ya kuipeleka kwenye seva ya barua. Hakuna cha kununua zaidi.

Kijana aliyesoma kompyuta chuoni anaweza kuandika skripti ya aina hiyo kwa mistari isiyozidi 50. Lakini viongozi wa chama au mwenye duka hawapaswi kupokea kazi hiyo wakiwa wamefumba macho. Ni lazima waelewe inavyofanya kazi, kwa sababu ikikosea, wao ndio watakaoulizwa.

Kiambatisho kinavyosafiri

Kanuni za kupeleka barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine, zinazojulikana kwa kifupi kama SMTP, zilichapishwa mwaka 1982 na Mmarekani Jon Postel. Zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi matupu ya herufi za Kiingereza. Picha, sauti au hesabu iliyopangwa vizuri havikuwa na nafasi.

Mwaka 1992 wataalamu wawili, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walitoa utaratibu uitwao MIME, ambao ndio uliofungua mlango wa viambatisho. Utaratibu huo unaigawa barua katika vipande. Kipande cha kwanza ni maneno ya salamu, cha pili ni faili, na kati yao unawekwa mstari wa mpaka. Kila kipande kinabeba kibandiko kinachotaja aina ya mzigo na jina lake, kama vile gunia linavyoandikwa namba na daraja kabla ya kupakiwa kwenye lori.

Kwa kuwa njia ilikuwa imejengwa kwa ajili ya herufi, faili yenyewe hugeuzwa kuwa herufi kwanza. Utaratibu unaotumika zaidi unaitwa Base64. Unachukua kila baiti tatu za faili na kuziandika upya kwa alama nne, zikiwemo herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama chache. Anayepokea hahitaji kujua hayo. Programu yake ya barua inarudisha herufi hizo kuwa faili kama ilivyokuwa.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja anayelipia bando. Mzigo ukitoka tatu ukawa nne, umeongezeka kwa theluthi moja. Faili ya megabaiti 3 inasafiri ikiwa na megabaiti 4 na ushee. Ndiyo maana Gmail, yenye kikomo cha megabaiti 25 kwa barua moja, inaweza kukataa faili ambayo kwenye kompyuta inaonekana kuwa na megabaiti 20 tu.

Hesabu ya wanachama 240 inaonyesha tofauti. Kama kila taarifa ya malipo imetengenezwa moja kwa moja kuwa faili ya PDF ya kilobaiti 100, mzigo wote ni takribani megabaiti 24, na njiani unakuwa kama 32. Lakini kama karani amechapa karatasi kisha akazipiga picha za megabaiti 2 kila moja, mzigo ni megabaiti 480, na njiani unazidi 640. Kazi ni ile ile, lakini gharama ni mara 20. Na mpokeaji naye analipia bando lake ili kuifungua.

Hatua za kazi yenyewe

Msingi wa kila kitu ni jedwali moja safi. Linahitaji safu nne: namba ya mwanachama, jina, anwani ya barua pepe na jina la faili yake. Jedwali la Excel likihifadhiwa katika mfumo wa CSV, skripti inalisoma bila shida.

Faili za PDF zipewe majina yenye namba ya mwanachama pamoja na mwezi na mwaka. Kutaja mwezi na mwaka kunazuia kosa linalotokea mara kwa mara, la faili ya mwezi uliopita kubaki kwenye folda na kutumwa tena kwa sababu jina lake halikubadilika.

Baada ya hapo skripti inafanya mambo haya kwa kila mstari. Inasoma namba na anwani. Inatafuta faili yenye namba hiyo. Inahakikisha faili ipo na si tupu. Inatengeneza barua yenye jina la mwanachama na kuiwekea kiambatisho. Inaifikisha kwenye seva ya barua kwa njia iliyofungwa, ambayo aghalabu ni mlango namba 587 au 465. Mwisho inaandika kwenye daftari lake kwamba namba fulani ametumiwa, tarehe na saa.

Daftari hilo lina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Umeme ukikatika kwenye barua ya 130, skripti ikiwashwa tena italisoma na kuanzia ya 131. Pasipo daftari itaanza mwanzo, na watu 130 watapata hesabu mara mbili. Mwenye hoteli akipata ankara mbili za mzigo mmoja, ama anailipa mara mbili na kuanza kudai kurudishiwa, ama anaweka zote pembeni mpaka aulize.

Neno la siri na kikomo cha siku

Seva ya barua haimpokei mtu asiyejulikana, kwa hiyo skripti lazima ijitambulishe. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Zamani mtu aliweza kuweka neno la siri la Gmail ndani ya skripti na kazi ikaendelea. Google iliifunga njia hiyo kwa akaunti za kawaida mwaka 2022. Sasa mwenye akaunti anatakiwa kwanza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha kutengeneza neno la siri la pekee kwa ajili ya programu, lenye herufi 16.

Utaratibu huo una faida. Kompyuta ya ofisi ikiibwa, mwenye akaunti anaifuta ile ya herufi 16 peke yake, na akaunti nzima inabaki salama. Hata hivyo, neno hilo halipaswi kuandikwa ndani ya skripti, kwa kuwa skripti huazimwa, hunakiliwa na kupelekwa kwa fundi. Liwekwe katika faili ya pembeni isiyosomwa na kila mtu.

Aidha, akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha barua 500 kwa siku. Chama cha watu 240 kinapita bila shida. Chama cha watu 900 kinapaswa kugawa kazi kwa siku mbili au zaidi, au kulipia huduma ya barua ya kibiashara. Anayelazimisha hujikuta amefungiwa kutuma kwa muda unaoweza kufika saa 24, na hiyo inaweza kuwa ndiyo siku ambayo mnunuzi mkubwa anasubiri ankara.

Wenye anwani zinazobeba jina la biashara yao wana kazi moja zaidi. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua kwenda Gmail wawe wamesajili uthibitisho wa jina lao, kwa njia zinazoitwa SPF au DKIM. Fundi aliyefungua tovuti anaweza kuyaweka hayo. Bila hivyo, ankara halali inaweza kukataliwa au kuishia kwenye kapu la barua chafu.

Kosa la kasi

Faida kubwa ya skripti ndiyo hatari yake kubwa. Karani akichanganya faili moja, amemkosea mtu mmoja. Skripti ikipewa jedwali lililochanganyika, inawakosea wote 240 kabla chai haijapoa.

Kosa baya zaidi hutokea mtu anapopanga majina kwa alfabeti katika safu moja ya Excel na kuziacha safu nyingine zilivyo. Kwa macho jedwali linapendeza. Lakini kila jina sasa limekaa mbele ya anwani ya mtu mwingine, na barua ikishatoka imetoka.

Kinga zake ni rahisi na hazina gharama. Kwanza, skripti iwe na namna ya majaribio, ambapo barua zote zinakwenda kwa anwani ya chama badala ya kwenda kwa wanachama. Karani afungue kumi kati yake, alinganishe jina, namba na kiasi. Pili, mtu wa pili, kwa mfano mweka hazina, apitie kabla ya amri ya mwisho. Tatu, utumaji wa kweli uanze na watu watano tu, kisha usubiri nusu saa.

Nne, kila mtu apate barua yake peke yake. Kuzipanga anwani zote 240 kwenye barua moja ni kumpa kila mwanachama orodha ya anwani za wenzake, jambo ambalo wengi hawakuliridhia.

Tano, kutuma si kufika. Seva ikikubali barua, maana yake imeipokea ili kuipeleka, basi. Anwani ikiwa na herufi moja iliyokosewa, barua itarudi baadaye ikiwa na maelezo ya kushindwa. Lazima awepo mtu wa kuzisoma barua zinazorudi kila asubuhi, la sivyo mwanachama atakaa wiki mbili akidhani chama kimemsahau.

Fundisho la mwaka 2000

Wanaopuuza nguvu ya skripti na kiambatisho wanapaswa kukumbuka Mei 4, 2000. Siku hiyo barua yenye kichwa cha habari cha mapenzi ilianza kuenea kutoka Ufilipino. Kiambatisho chake kilionekana kama faili ya maandishi, lakini mwisho wa jina lake palikuwa na herufi vbs, ambazo kompyuta nyingi zilikuwa zimepangwa kuzificha. Ilikuwa skripti. Aliyeifungua aliipa nafasi ya kuharibu mafaili yake na kujituma yenyewe kwa kila anwani iliyokuwa kwenye kitabu chake cha Outlook.

Ndani ya siku chache mamilioni ya kompyuta yalikuwa yameguswa duniani kote. Ilifanya kile kile ambacho chama kinataka kufanya mwisho wa mwezi: kusoma anwani, kuambatisha faili, kutuma. Tofauti ilikuwa ni nia ya aliyeiandika.

Kwa sababu ya historia hiyo, Gmail na huduma nyingine huzuia viambatisho vya aina ya programu, kama vile vyenye mwisho wa exe au vbs, hata vikifichwa ndani ya faili ya zip. Mfanyabiashara atumie PDF. Na anayepokea asifungue kiambatisho asichokitarajia, hata kikitoka kwa mtu anayemfahamu.

Wapo pia matapeli wanaotuma ankara zinazofanana na za kweli, zikiwa zimebadilishwa jambo moja tu: namba ya akaunti ya benki. Mkulima anapoanza kutuma ankara kwa barua pepe, awaambie wanunuzi wake mapema kwamba akaunti yake haibadilishwi kwa barua. Wakiona mabadiliko, wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye ankara hiyo.

Sheria nayo inaangalia

Taarifa za malipo ya mtu ni siri yake, na sasa jambo hilo lina nguvu ya kisheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, ambayo inamtaka mwenye kutunza taarifa kumjulisha kamishna ndani ya saa 72 taarifa zinapovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe.

Kwa hiyo chama kinapaswa kumwomba kila mwanachama idhini kabla ya kumtumia hesabu kwa barua pepe. PDF pia inaweza kufungwa kwa neno la siri ambalo mwanachama anapewa ana kwa ana ofisini, si ndani ya barua ile ile. Hivyo hata barua ikipotea njia, anayeiokota hawezi kuisoma.

Umeme usipokuwapo

Kompyuta inaweza kupangiwa kuendesha skripti yenyewe kila tarehe 1 alfajiri, kwa kutumia Task Scheduler katika Windows au cron katika Linux. Tatizo ni kwamba kompyuta iliyozimika haitumi kitu.

Kwa maeneo yenye mgao wa umeme, kuna Google Apps Script. Skripti ya aina hii haikai ofisini bali kwenye mitambo ya Google, na inasoma jedwali lililohifadhiwa huko huko. Ofisi ikiwa gizani, kazi inaendelea. Kasoro yake ni kikomo: akaunti ya kawaida inaruhusiwa wapokeaji 100 tu kwa siku. Kwa mfanyabiashara mwenye wateja 30, hiyo inatosha na kubaki. Kwa chama cha watu 240, ni kazi ya siku tatu.

Hata hivyo, kuituma hesabu ya fedha bila mtu kuiangalia si busara. Utaratibu mzuri ni kuiacha kompyuta iandae barua zote usiku, na mtu atoe ruhusa asubuhi baada ya kuzipitia.

Wasio na barua pepe

Wapo wanachama wengi vijijini wasiokuwa na anwani ya barua pepe, na wengine wanayo lakini waliifungua ili tu simu iwake. Hao wasilazimishwe. Skripti inaweza kuwatenga katika orodha yao na karani akawachapia karatasi kama kawaida. Ikiwa nusu ya wanachama wanapata kwa barua pepe, karani ameokoa saa sita, na saa hizo anaweza kuzitumia kukaa na mzee asiyesoma vizuri na kumfafanulia makato yake mstari kwa mstari.

Hapo ndipo ilipo faida yenyewe. Mashine haijui kwamba ng'ombe wa mwanachama fulani aliugua ndiyo maana lita zake zimeshuka, wala haijui kumjibu anayeuliza kwa nini amekatwa fedha za dawa. Karani anajua. Asiyekesha kuambatisha faili atakuwa macho asubuhi mwanachama anapobisha hodi na karatasi yake mkononi.